Stabilaiza ya mbele kwenye Volkswagen ya zamani: maswali ninayoulizwa hapa Mtwara

Gari langu ni Volkswagen Beetle ya 1958. Stabilaiza ya mbele nimeifunga mwenyewe, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri. Tangu hapo wenye magari ya zamani wa Mtwara, Lindi, Masasi na Newala wananiuliza maswali yale yale, wengine wananipigia simu wakiwa wameshalala chini ya gari. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Mengi yanahusu Beetle kwa sababu ndiyo ninayoijua bolti kwa bolti. Wenye Land Rover, Peugeot na Morris wana lao karibu na mwisho.

Stabilaiza ni kitu gani hasa?

Ni fimbo ya chuma cha springi iliyopindwa ncha zote mbili, inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, tuseme unavuka tuta, fimbo inakwenda nayo tu na haina kazi. Upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, kama inavyokuwa gari linapolala kwenye kona, fimbo inasokotwa. Kwa kuwa ni springi, inakataa kusokotwa, na ukaidi huo ndio unaozuia gari lisilale kupita kiasi.

Haibebi uzito wa gari na haitulizi mtikisiko. Springi zinabeba, shokapu zinatuliza, stabilaiza inazuia kulala. Nalisema hili mapema kwa sababu nusu ya wanaonijia wakitaka stabilaiza wana tatizo la shokapu.

Gari limeishi miaka sitini bila hiyo fimbo. Inahitajika kweli?

Volkswagen walianza kuifunga kiwandani kwenye Beetle Agosti 1959, yaani kwa magari ya modeli ya 1960. Yaliyotoka kabla ya hapo, kama langu, hayakuwa nayo. Waliiongeza kwa sababu ya msingi, na msingi wenyewe uko nyuma ya gari.

Beetle imebeba injini nyuma ya ekseli ya nyuma. Halafu kwenye Beetle za zamani kama langu, kila nusu ya ekseli hiyo ina kiungio kimoja tu, pale inapotoka kwenye gia boksi. Gurudumu likishuka, haliwezi kubaki wima. Linainama kuingia chini ya gari kama mtu aliyetegua kifundo cha mguu. Ukiingia kona kwa kasi, hasa ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, nyuma inanyanyuka, gurudumu la nje linakunjika, na mkia unataka kutangulia kichwa. Aliyeteremka kutoka Newala kwenda Masasi akiwa amechelewa ananielewa.

Stabilaiza ya mbele haigusi kabisa hiyo ekseli ya nyuma. Inachofanya ni kuhamishia tairi la mbele la nje sehemu kubwa zaidi ya kazi ya kuzuia gari kulala. Kwa hiyo mbele huanza kuteleza mapema kidogo kuliko nyuma. Mbele ikiteleza, unaihisi mikononi kwenye usukani na una nafasi ya kupunguza kwa utulivu. Nyuma ikitangulia, huna nafasi.

Hata hivyo, sitaki mtu auone huu ni uchawi. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda mashindano ya East African Safari kwa Volkswagen, kwenye barabara za vumbi na tope, na ekseli ya nyuma ilikuwa hiyo hiyo. Dereva anayejua gari lake bado ndiye kinga kubwa kuliko chuma chochote.

Nifunge mbele, nyuma, au kote kuwili?

Mbele. Kwenye Beetle yenye ekseli ya nyuma ya kukunjika usifunge stabilaiza ya kawaida nyuma hata ukipewa bure, kwa sababu inaongeza mzigo kwenye lile tairi la nje ambalo tayari linataka kukunjika. Utakuwa umelipia ajali.

Nimepata stabilaiza ya Beetle Dar es Salaam. Itaingia kwenye gari langu?

Inategemea mbele yako ni ya aina gani, na mwaka wa kadi ya gari hautoshi kukujibu. Magari haya yamebadilishwa vifaa kwa miongo mingi. Nimeona gari la miaka ya hamsini lenye ekseli ya mbele ya miaka ya sabini. Vua gurudumu uangalie.

Hadi katikati ya 1965 Beetle zilikuwa na kingipini, yaani pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, na zina nipo za kupigia grisi. Kuanzia Agosti 1965 zikawekwa boljointi, kiungio chenye kichwa cha mviringo kama goroli. Amu, yaani mikono ya chuma inayoshika gurudumu, za aina hizi mbili hazifanani na stabilaiza zake haziingiliani. Muuzaji akikuambia "ni moja tu hizo", mtumie picha ya amu yako ya chini na umwombe picha ya ncha za fimbo yake pembeni ya rula.

Kuna aina ya tatu, 1302 na 1303, zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya sabini zikiwa na shokapu ndefu za kusimama mbele. Kwenye magari hayo stabilaiza ina kazi ya ziada: inashikilia pia gurudumu lisiende mbele na nyuma. Raba zake zikiisha, gurudumu lenyewe linacheza. Usiendeshe gari la namna hiyo bila stabilaiza.

Unene gani unafaa? Rafiki yangu anasema nene ndiyo bora.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Nguvu ya fimbo hii haiongezeki sambamba na unene wake. Inaongezeka kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Fimbo ya milimita 19 kwa macho ni nene kidogo tu kuliko ya milimita 16, lakini ina ukaidi karibu mara mbili. Kutoka 12 kwenda 18 ni mara tano. Ndiyo maana huwezi kukisia kwa kushika mkononi dukani.

Na ukaidi una bei yake. Stabilaiza inafunga gurudumu la kushoto na la kulia kwa kamba moja. Kushoto kukiingia shimoni, kulia kunavutwa pia, na gari linatikisa kichwa upande hadi upande. Kwenye lami ya Mtwara kwenda Lindi hutalihisi hilo. Lakini ingia barabara za vumbi za Tandahimba msimu wa korosho, malori yakiwa yameshachimba mashimo upande mmoja, kisha uwe na fimbo nene: baada ya saa moja shingo inakuuma. Fimbo nene kupita kiasi pia inaweza kunyanyua gurudumu la mbele la ndani kwenye kona kali, maana Beetle ni nyepesi mbele.

Nene, zile za milimita 19 zinazouzwa kwa ajili ya michezo, zinafaa gari linaloishi kwenye lami. Kwa matumizi ya huku kwetu mimi napendekeza unene wa kiwandani, na gari langu limefungwa huo.

Fundi wa hapa anaweza kunikunjia kwa nondo?

Hapana. Hili nimelilipia mwenyewe.

Mara ya kwanza nilikunjiwa fimbo ya nondo ya milimita 16, kazi safi ya mikono, vipimo sahihi, rangi nyeusi inang'aa. Wiki ya kwanza gari lilikuwa tulivu na niliwasimulia watu. Kisha nikaenda Masasi na kurudi. Siku iliyofuata gari limeegeshwa mahali sawa, naona bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Nikaifungua ile fimbo, nikailaza kwenye sakafu ya baraza: ncha moja imegusa chini, nyingine iko juu kwa upana wa vidole viwili. Ilisokotwa ikabaki hivyo hivyo, na ilikuwa inalivuta gari upande mmoja muda wote.

Sababu yake inafaa kueleweka. Mwanzoni nondo inakataa kusokotwa karibu sawa na chuma cha springi, ndiyo maana wiki ya kwanza inadanganya. Tofauti iko kwenye kurudi. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa utaratibu ili kirudi kilipotoka mara elfu kwa elfu. Nondo ikivuka kiasi fulani inabaki ilipofika, na baadaye inapata ufa. Kwa sababu hiyo hiyo usikubali stabilaiza halisi ichomelewe, ipashwe moto ili inyooshwe, au itobolewe tundu. Moto unaua ile springi, na tundu ni mahali pa kuanzia ufa. Fundi mzuri wa kuchomelea atakuelewa ukimweleza hivi.

Nikague nini kabla ya kununua chochote?

Upepo wa matairi. Najua unatarajia jibu kubwa zaidi, lakini sijaona kitu kinachoharibu tabia ya Beetle kama upepo.

Mwongozo wa Volkswagen ulitaka pauni 16 mbele na 24 nyuma kwa matairi ya zamani ya nyuzi zilizopishana, na kwa matairi ya rediali pauni 18 mbele na 27 nyuma. Angalia hiyo tofauti: nyuma ni zaidi ya mbele kwa karibu nusu. Imewekwa makusudi kwa sababu uzito uko nyuma. Sasa nenda kwa kijana wa pancha popote, atakujazia 30 kote kwa sababu ndivyo anavyojaza kila gari, na ukimwambia 18 atakuona hujui magari. Mbele ikiwa ngumu kama nyuma, mbele inashika sana na nyuma inaachia, yaani kinyume kabisa cha kile unachotaka stabilaiza ikufanyie. Nunua kipimo chako cha upepo, kiweke kwenye kisanduku cha gari, upime asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Kuna mtu wa Lindi alipima upepo, akarekebisha, akaniambia hahitaji tena stabilaiza. Nilifurahi kwa ajili yake.

Baada ya upepo angalia shokapu. Kandamiza kona ya mbele ya gari kisha uachie. Ikipanda, ishuke na kutulia, ni nzima, ikiendelea kuruka imekufa. Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise: ikicheza, tafuta kama ni beringi, kingipini au boljointi. Mwisho chukua bisibisi ugonge taratibu yale mabomba mawili ya ekseli ya mbele na chuma kinachoyashikilia kwenye sakafu ya gari. Hewa yetu ni ya bahari na ina chumvi. Nimeona mabomba yaliyopakwa rangi vizuri juu yakiwa yameliwa kutoka chini. Bisibisi ikiingia, stabilaiza isubiri.

Nimenyanyua gari nyuma ili lisigonge mawe. Kuna shida?

Ipo, na ni kubwa. Kumbuka yale magurudumu yanayokunjika. Ukinyanyua mwili wa gari nyuma, umeshayashusha magurudumu kabla hujaanza safari. Yamesimama kama miguu iliyopinda kuingia ndani, na hatua iliyobaki kufikia kukunjika ni fupi. Beetle iliyonyanyuliwa nyuma, ikiwa na dereva peke yake na tangi la mafuta mbele likiwa karibu tupu, ndiyo Beetle ninayoiogopa kuliko zote. Stabilaiza ya mbele itasaidia kidogo, ila huwezi kutumia kifaa kimoja kufuta kosa la kingine.

Naelewa kwa nini watu wanafanya hivyo. Barabara za ndani zina visiki na mawe, na bati la chini ya injini linaumia. Badala ya kunyanyua, rudisha nyuma kwenye kimo cha kiwandani, funga bati nene la kukinga injini, na upunguze mwendo. Ukikataa ushauri huu, angalau usizidi mwendo wa baiskeli kwenye kona zenye changarawe.

Nifungeje?

Tenga nusu siku, na usianze saa kumi jioni. Egesha mahali palipo sawa na pagumu. Mchanga wa Shangani haufai. Weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inua mbele kwa jeki, kisha lishushe gari juu ya stendi za chuma mbili chini ya ekseli ya mbele, kimo kimoja kulia na kushoto. Usitumie matofali, gogo la mnazi, wala jeki peke yake. Utalala chini yake.

Vua magurudumu yote mawili, hata kama kwa macho unaona unaweza kubana ukiwa umevua moja. Sababu ni kwamba amu za pande zote mbili lazima zining'inie sawa. Ukifunga upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini, fimbo itafungwa ikiwa imeshasokotwa, na gari litainama kama langu lilivyoinama.

Safisha amu za chini kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, zipake rangi, subiri ikauke. Kama unatoa stabilaiza ya zamani, piga picha za klempu, vile vyuma vinavyobana fimbo kwenye amu, kabla hujagusa, kwa sababu vile vibati vya kufungia vya kiwandani vinaingia kwa kuteleza na vina upande wake. Vinatoka kwa kugongwa taratibu kwa patasi butu baada ya kulowekwa mafuta usiku mzima. Vikiwa na kutu sana vikate, lakini usiiguse amu kwa diski.

Valisha raba kwenye fimbo. Zinakuwa ngumu kuingia, na hapo mkono unakimbilia grisi. Acha. Grisi ya kawaida inavimbisha raba na kuilainisha. Tumia maji ya sabuni. Shikilia fimbo kwenye amu zote mbili kwanza bila kukaza, hakikisha imekaa katikati: pima kwa utepe kutoka ncha hadi amu kila upande. Kisha bana klempu kwa vaisgripu kubwa au klampu ya seremala, telezesha kibati cha kufungia mpaka mwisho, hamia upande wa pili. Kama seti yako ni ya bolti, kaza kidogo kulia, kidogo kushoto, hivyo hivyo mpaka zikaze.

Rudisha magurudumu, shusha gari. Sasa mtu akusaidie kukata usukani mpaka mwisho kulia, halafu kushoto, wewe ukiangalia chini: fimbo isiguse tairi, na hozi ya breki isisuguliwe na chochote. Hozi iliyosuguliwa haikupi onyo.

Raba au ile plastiki ngumu ya rangi?

Raba, kwa gari la matumizi ya kila siku. Ile ngumu inadumu na inashika zaidi, lakini inahitaji grisi yake maalumu, na vumbi likiingia inalia kama mlango wa ghala.

Nimefunga, sasa inagonga mbele. Nini?

Mara nyingi klempu haijafika mwisho wake au raba ni ya saizi ya fimbo nyembamba. Shika fimbo kwa mkono uitikise. Ikisogea ndani ya raba umepata jibu. Ikiwa imetulia kabisa, kelele ilikuwepo tangu zamani na sasa ndiyo unaisikiliza. Rudi kwenye kingipini na shokapu.

Chumvi na kutu je?

Fimbo ya springi inaogopa mkwaruzo. Rangi ikichubuka, kutu inachimba kishimo kidogo, na kwa chuma kinachosokotwa kila siku kishimo hicho ni mwanzo wa ufa. Ukitoka Msimbati kutembeza gari ufukweni, au ukipita kandokando ya mashamba ya chumvi, osha chini kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Kila baada ya masika lala chini na tochi, upitishe kidole kwenye mikunjo miwili ya fimbo. Paka rangi panapohitaji.

Spea napata wapi?

Beetle ziliendelea kutengenezwa Brazili mpaka 1996 na Meksiko mpaka 2003, kwa hiyo raba na klempu mpya bado zipo duniani na zinaagizika. Kariakoo uliza, lakini nenda na kile cha zamani mkononi. Vikifika Dar es Salaam vinakuja Mtwara kwa basi kama mzigo. Fimbo yenyewe haichakai haraka, na mimi yangu ya sasa niliitoa kwenye gari lililolala chini ya mkorosho kwa miaka mingi, kwa ruhusa ya familia yenye gari. Kabla ya kununua ya namna hiyo ilaze kwenye sakafu iliyo sawa: ncha zote mbili zikae kimo kimoja. Isafishe uangalie ufa kwenye mikunjo.

Nina Land Rover ya zamani. Nami nifunge?

Kwa Series za kwanza hadi ya tatu, nasema acha. Springi zake za majani ni ngumu tayari, hazikuletwa na stabilaiza, na kwenye njia mbovu unataka kila gurudumu lifuate ardhi yake. Kaza bushi za springi na ubadilishe shokapu.

Peugeot 504?

Imekuja nayo mbele kutoka kiwandani. Kama gari linalala, badilisha raba kabla ya kufikiria kitu kingine.

Morris Minor?

Haikuwa nayo, na seti za kuongezea zipo Uingereza. Lakini angalia shokapu za mbele kwanza: kwenye Morris mkono wa shokapu ndio amu ya juu yenyewe, kwa hiyo shokapu iliyolegea ni gurudumu lililolegea. Stabilaiza juu ya hiyo haina maana.

Nikimaliza nijaribu wapi?

Si kwenye kona kali. Anza mtaani, mwendo mdogo, vuka tuta moja kwa magurudumu yote, kisha gurudumu moja tu, ukisikiliza. Halafu toka mjini asubuhi mapema mpaka Mikindani na kurudi, barabara ikiwa tupu, ukizunguka kona za ghuba kwa mwendo wako wa kawaida. Usukani utakuwa mzito kidogo kwenye kona na gari litakaa wima zaidi. Ukirudi, subiri lipoe, lala chini tena ukague kila klempu kwa mkono, na ufanye hivyo mara nyingine baada ya kilomita mia moja. Raba mpya hukaa mahali pake ndani ya siku hizo za mwanzo, na klempu iliyokuwa imebana Jumamosi inaweza kuwa imelegea Jumatano.